Mama Faharasa na Wagonjwa Elfu Kumi na Moja

Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu, Mama Faharasa anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na mitatu, yote katika chumba kimoja nyuma ya masjala. Alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita. Waliomchelewesha ni sisi.

Alianza kazi enzi ambazo hospitali nzima ilikuwa na kompyuta moja, kubwa kama kabati la nguo. Ndiye aliyeandika programu ya kadi za wagonjwa na kuipangia faharasa: ukiingiza namba ya mgonjwa, mashine inakwenda moja kwa moja kwenye kumbukumbu zake bila kupekua za watu wengine. Jina la utani lilianzia hapo, na kwa kuwa alilipokea kwa kicheko, likaganda.

Programu ilizeeka vizuri kuliko mashine. Vipuri viliisha madukani, na faili zake hazikusomeka kwenye kompyuta nyingine yoyote. Siku ambayo mashine ingezimika kabisa, madaktari wasingejua nani anadhurika na dawa gani. Kwa hiyo kila tarehe ya kustaafu ilipokaribia, mkurugenzi alimwomba abaki kidogo. Alibaki mara mbili. Mumewe, aliyemtangulia kustaafu, alitutumia ujumbe kwamba mara ya tatu atakuja mwenyewe kung'oa waya.

Mwaka jana sisi wanne wa kitengo cha kompyuta tukajifanya wajuzi. Tulinakili faili zote kwenye kompyuta mpya, tukapongezana, na kesho yake asubuhi wagonjwa elfu kumi na moja hawakuonekana! Wote walikuwa na kadi za zamani, zile zinazoanza kwa herufi. Tukairudia mashine ya zamani mbio mbio, jasho likitutoka. Mama aliomba kiti, akatazama skrini dakika kumi, akatueleza kosa letu: mashine yake hupanga herufi kabla ya tarakimu, mpya hutanguliza tarakimu, nasi tumeihamisha faharasa ilivyo, kwa hiyo kompyuta mpya ilizitafuta kadi za herufi mwishoni wakati zimepangwa mwanzoni. Hakutugombeza. Alitutuma chai tu, wote wanne.

Kisha akainama kazini miezi saba. Alizitoa kumbukumbu zote katika maandishi ya kawaida yanayosomeka na mashine yoyote, akaandika na programu fupi ya kuijenga faharasa upya kila faili zinapohamia mashine nyingine. Tulizijaribu kwenye kompyuta za aina tatu, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepotea. Wahudumu wa dirishani hawakujua hata siku tuliyohama. Sisi tulijua, na tulishusha pumzi.

Mwezi uliopita tulimpa likizo ya wiki mbili kwa makusudi, tukazima mashine ya zamani na kuapa kutompigia simu. Siku ya nne akapiga yeye, akitaka kujua mbona kimya. Tukamwambia kadi zinafunguka, madaktari wanaendelea na kazi, na hakuna anayemtafuta. Halafu tukamsikia analia, na nyuma yake mumewe anashangilia kama goli limeingia.

Mama, asante sana. Ulituvumilia, ukatufundisha, na sasa kazi yako inakwenda bila wewe kuishikilia. Tunakutakia afya njema, siku ndefu na mzee wako, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtu. Nenda tu, Mama. Wagonjwa wote wapo.