Sauti Inayouliza Mara Mbili

Benchi letu liko kati ya saluni ya Kinyozi na kibanda cha Breki, fundi baiskeli. Lina miguu mitatu, na pale palipokuwa na mguu wa nne tumepanga matofali. Upande wa matofali ni wangu, kwa sababu ndio usioyumba, na kwa sababu mimi peke yangu hapa kijiweni ndiye niliyebeba mizigo ya wageni hotelini mpaka Kiingereza kikaniingia mwilini bila kusumbua mwalimu yeyote. Jioni muuza kahawa huweka birika katikati yetu, nasi tunaanza kuipanga dunia. Siku hiyo Kinyozi alifika amenuna, mfukoni ana simu ya mkewe.

Habari yenyewe tulikuwa tunaijua nusu. Shemeji yetu alikuwa na mtihani wa kuingia chuo, kesho yake asubuhi: Kiingereza cha kusikiliza, kusoma na kuandika. Kila jioni alivaa hedifoni, akainamia meza, na chakula cha Kinyozi kikapoa kikimsubiri mwenyewe akipakue.

— Kuna mwanaume humo, akasema Kinyozi.

— Humo wapi?

— Kwenye simu. Ana sauti nzito. Shemeji yenu akimsikia anatabasamu. Mimi nikimsemesha, ananinyooshea kidole nisubiri.

Kidole hicho ndicho kilichomchoma. Mtu amezoea kushika vichwa vya watu wakatulia kama watoto, wakiwemo wakubwa wa ofisini, halafu nyumbani kwake anasimamishwa kwa kidole. Basi akamwambia mkewe anakwenda kuichaji simu saluni, akaja nayo kwetu. Alitaka nimtafsirie. Ikiwa mambo ni kama alivyoshuku, simu ingetumbukia kwa bahati mbaya kwenye ndoo yake ya maji, na mtihani ungeishia humo humo.

Nikachomoa waya wa hedifoni ili kila mtu asikie, nikabonyeza sauti ianze. Kweli, sauti ilikuwa nzito. Hata muuza kahawa alijikuta ameketi vizuri.

— Anamwuliza jina lake, nikasema.

Kinyozi akatikisa kichwa. Jina si kitu.

— Sasa anamwuliza anakaa wapi.

Akaweka kikombe chini.

— Anamwuliza anakaa na nani.

Simu ikanyamaza. Kinyozi akataka kujua kwa nini jamaa amenyamaza, nikamweleza ukweli wa kitaalamu, kwamba anangoja jibu. Halafu sauti ikaanza tena tangu mwanzo, jina, mahali, na nani, neno kwa neno, bila haraka, kama mtu aliyeshiba.

Breki alikuwa ameacha tairi la watu. Alisema mwanaume anayeuliza mara moja huyo anapita tu, lakini anayerudia amekusudia. Yeye mwenyewe katika maisha yake aliuliza wanawake watatu, kila mmoja mara moja, na leo anajipikia.

Hapo Wakili akakohoa. Tunamwita Wakili kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu siku hiyo hajawahi kuongea kama sisi.

— Shemeji anamjibu kwa mdomo?

— Anaandika, akasema Kinyozi.

— Kwa kalamu?

— Kwa kalamu.

Wakili akafumba macho. Kisheria, akasema, mwanamke akiulizwa mara mbili na akajibu kwa maandishi, hiyo ni posa iliyokubaliwa, kilichobaki ni tarehe.

Sikuweza kukubali mtu wa mbuzi anipite. Nikawasimulia habari za mama mmoja wa pale hotelini kwetu, aliyependa sauti ya kwenye simu mpaka akafunga mizigo, na godoro juu, akamfuata mwenye sauti. Kufika, bwana mwenyewe anamfikia kiunoni. Lakini sauti ni ileile, kwa hiyo akakaa, na wakazaa. Kinyozi akaivuta ndoo karibu na miguu yake.

Sasa kulikuwa na mwenye lile tairi. Breki alikuwa amempa kahawa ya kungojea, na alikuwa amekaa pembeni akinywa kimya, mtu asiyetujua hata mmoja. Akamgeukia Kinyozi.

— Samahani kaka. Huyo shemeji, huko chuoni anakwenda kusomea nini?

Kinyozi akamtazama Breki, Breki akalitazama tairi. Wakili alipekua sheria zake zote, hakukuta kitu. Wote wakanigeukia mimi ninayejua kila jambo, nami nikaanza vizuri kabisa, nikasema anasomea, halafu kahawa ikanipalia.

— Hajaniambia, akasema Kinyozi.

— Ulimwuliza?

Simu hatukuwa tumeizima, na yule bwana bado alikuwa anaendelea na maswali yake mapajani mwa Kinyozi.

— Anasemaje sasa huyu? akaniuliza, taratibu.

Ningekuwa na uongo wa karibu ningeutoa, maana sina uhaba wa uongo. Lakini siku hiyo ulichelewa.

— Anamwuliza anataka kusomea nini. Ni mara ya pili sasa.

Kinyozi akaichukua simu, akaipangusa vinywele kwa aproni, akachomeka waya wa hedifoni mahali pake. Ndoo akaimwaga barabarani.

— Hilo swali, akaniambia, unalisemaje kwa Kiingereza?

Nikamfundisha, bure. Akashika njia ya nyumbani na aproni yake shingoni, na mpaka anapinda kona tulimsikia analirudia, mara mbili mbili, akijilazimisha kuiteremsha sauti.