Kundi la Kusubiri

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, chini ya bati lililojikunja pembeni. Upande wa mlango hukaa Kinyozi mwenyewe, ili mteja akija amwone. Katikati hukaa Breki, dereva wa lori ambaye kampuni ilimpumzisha kwa sababu ya kusahausahau. Mwishoni ni Fundi Redio, na mimi nina kreti yangu. Tangu mpwa wake Kinyozi, msichana wa chuo kikuu, aanze utafiti wake, tumepata desturi mpya: kabla kahawa haijamiminwa, tunafumba macho na kufuata pumzi inavyoingia na kutoka. Msichana anataka kujua kama zoezi hilo linaongeza umakini, na kama linamsaidia mtu kushika mambo kichwani huku akiyafanyia kazi. Aligawa watu wa mitaa hii makundi mawili. Kinyozi na Fundi Redio walipangwa kufundishwa. Breki na mimi tuliwekwa kundi la kusubiri, tufundishwe baadaye, vipimo vikiisha. Asubuhi hiyo Kinyozi alifungua kibanda akiwa amenuna.

— Majibu yametoka, alisema. Waliofundishwa wamepanda. Waliosubiri nao wamepanda vilevile. Wakubwa wake chuoni wanasema basi mafunzo hayafanyi kitu, aachane nayo.

— Waongo hao, Breki akasema. Jana nilitumwa sokoni vitu vinne, nikarudi na vinne.

— Shemeji anasema vitatu havikuwa vyenyewe, Fundi Redio akamkumbusha.

— Idadi niliishika.

— Tatizo ni ile kompyuta ya kupimia. Imechoka. Redio ikichoka inakuletea stesheni mbili kwa mpigo. Umakini wa Kinyozi umeandikiwa Breki.

— Kompyuta mpya ile, Kinyozi akakataa. Tatizo ni nywele. Kundi zima la kusubiri nimelinyoa mimi. Kichwa kikipata hewa, mawazo yanakaa kitako.

— Fundi Redio ana upara, Breki akapinga, na juzi kapoteza bisibisi aliyoishika.

— Niacheni na upara wangu.

Breki akainua kidole, kama anayeomba njia.

— Sikilizeni. Kinyozi akitulia, anatoa pumzi iliyotulia. Mimi nimekaa pembeni yake. Naivuta. Mafunzo yananiingia bure.

— Na wale wengine wanaosubiri, nao wamekaa pembeni yake? Fundi Redio akauliza.

— Upepo unazunguka, ndugu yangu.

Tulikuwa hapo kwenye upepo alipofika msichana, begi begani, macho mekundu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama. Kaa unywe kahawa.

— Sikai, mjomba. Jana nilipita kwa fundi cherehani, yule wa kundi la kusubiri. Kaniona nimechoka, akanifundisha kufuata pumzi. Anasema alifundishwa na mzee Breki.

Breki akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama kikombe chake.

— Na mzee Breki alifundishwa na nani?

— Sasa wewe, mwanangu, Kinyozi akasema, ungemwona mwenzako kazi imemtoka mkononi, dawa unayo, umwambie asubiri zamu?

— Na wengine?

— Mteja anakaa. Mkono unafanya kazi. Mdomo ufanye nini?

— Na zile namba zangu za kupimia, za kurudia kinyumenyume?

— Tunazichezea hapa, nikasema mimi. Anayekosea ananunua kahawa.

Hapo msichana akakaa.

— Hili ni kosa langu, alisema. Niliwaambia msubiri, sikuwaambia msifundishane, na sikurudi kuuliza. Sasa sijui kama mzee Breki kichwa kimemrudia, au amezizoea tu namba zangu.

— Hata mimi nataka kujua, Breki akasema polepole. Siwezi kushika usukani kwa kudhani.

— Basi naanza upya. Wakubwa nimewaambia leo asubuhi. Wamekasirika, lakini wamenipa nafasi moja. Watu wapya, mitaa hiihii, maana watu wasiozungumza na majirani sitawapata popote. Namba nitabadilisha. Na kila wiki nitapita kuuliza nani kamfundisha nani.

— Sisi tukusaidie nini?

— Mnyamaze. Mpaka nimalize, msimfundishe mtu. Msisimulie utafiti wangu, wala sababu ya kutousimulia. Wanaonyolewa hapa ndio nitakaowapima. Mjomba, utaweza?

Kinyozi aliinamisha kichwa. Nimemjua miaka mingi; sijawahi kuona swali likimlemea namna ile.

— Mtoto wa dada yangu wewe. Nitaweza.

Mteja mgeni akaja, akaingia ndani. Kinyozi akamfuata. Tukasikiliza. Ilisikika mashine, ikazimwa, ikawashwa tena. Hakuna habari za mpira, hakuna bei ya sukari, hakuna salamu kwa wazazi. Nadhani alihofia kwamba akifungua mdomo kwa dogo, kubwa litafuata.

Baada ya muda mteja akachungulia mlangoni, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

— Samahani, wazee. Huyu bwana leo ana nini?

Breki akafumba macho. Fundi Redio akanywa kikombe kisichokuwa na kitu. Mimi nikatazama barabara. Msichana alikuwa ameshasimama na begi lake, na yeye pia hakumjibu.