Msiende Kuuliza Nani Kaniua

Sogeeni, wapwa zangu, nanyi wanangu Vitalis na Dorika, na hiyo redio izimeni, maana kwa pumzi niliyobakiwa nayo siwezi kushindana na muziki.

Mikorosho ya kule Mnyambe ni ya wapwa, ndiyo desturi yetu na sina ugomvi nayo. Lakini nyumba hii, na shamba la Chilangala nililolifyeka na mke wangu Scholastika, ni vyake, na asithubutu mtu kumtoa humo.

Najua mnachonong'ona. Mitoki iliponivimba shingoni na kwapani mkasema mke wangu kaniroga, na sasa mmepanga mkishanizika tu mwende kwa mganga kuuliza nani kaniua. Msihangaike, jibu ninalo mwenyewe. Ni saratani ya damu, ile inayokwenda taratibu: chembe nyeupe zinapata amri ya kuzaana bila kukoma, na vidonge nilivyopewa hospitali kule Dar es Salaam vinaizuia hiyo amri. Mnajua wenyewe tunavyopuliza salfa mikorosho ikichanua, ule ukungu wa ubwiriunga unakufa na mti unabaki. Basi ni hivyo hivyo. Mitoki ikanywea, nikarudi kupalilia mkiniona kwa macho yenu. Uchawi gani huo unaosalimu amri kwa kidonge cha asubuhi? Na nani alikuwa ananipa hicho kidonge, akinigombeza nilipojiona mzima nikataka kuacha? Huyo huyo mnayemwita mchawi!

Ugonjwa ulipojifunza kukikwepa nikabadilishiwa kingine, nacho kikanifikisha kwenye harusi ya Dorika. Sasa hicho nacho kimeshindwa, na madaktari wameniambia wazi. Sina kinyongo wala hofu. Nimeishi miaka ambayo sikuitegemea, na nimeifurahia. Atakayevimba mitoki isiyopona akapime damu, asitafute wa kumsingizia.

Apolinari, wewe ndiye mpwa wangu mkubwa, na wenzako watafuata utakachofanya. Tangu niugue hujaonja chakula cha mkaza mjomba wako, na imeniuma sana, baba. Huo uji kaupika sasa hivi. Mama Vitalis, mpe yeye... mimi baadaye. Kunywa, mbele ya wote. Usiguse kwa midomo tu, nakuona... kunywa mpaka chini.

Haya. Mungu awalinde, wanangu... awape uzazi, awape... kupendana. Njoo karibu, Apolinari, sikusikii vizuri. Umemaliza? Basi mwambie, "Asante, mama"... kwa sauti. Nataka kuisikia.