Mama Hosiana na Vipande Kumi na Viwili

Ikifika tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Nyamizi Sostenes, ambaye wote tunamwita Mama Hosiana, atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya mifugo hapa Shinyanga, na siku hiyo anastaafu. Mimi, Januari, nimekaa naye benchi moja miaka kumi na tisa, ndiyo maana nimeombwa niandike. Nimekubali, ila nampa pole mapema, maana nitasema na ya soda.

Alianza mwaka 1991 akiosha chupa, akasoma huku anafanya kazi, hadi akawa mkuu wa kitengo cha chanjo. Sauti yake ni ya upole, lakini ruka siku moja kwenye daftari la jotoridi uone. Utatafuta pa kujificha.

Alichopenda kuliko vyote ni kueleza jinsi kirusi kinavyojijenga. Alikata dumu kuukuu vipande kumi na viwili vya pembe tano, akabandika kingoni sumaku za spika mbovu, akavitia kwenye kopo linaloonyesha ndani pamoja na uzi wa shanga za chuma. Uzi ndio vinasaba, vipande ndio protini za ganda. Hakuna fundi humo, alikuwa akisema. Tikisa taratibu tu: vitagongana, vitaachana, vitashikana tena, mpaka viufunge uzi ndani, mpira kamili. Ukitikisa kwa hasira, vyote vinasambaratika. Wanafunzi walikuja hadi kutoka Mhunze kuangalia. Mimi nilikuwa naona ni mchezo wa kupotezea muda.

Mwaka 2014 ugonjwa wa miguu na midomo ukapiga hodi vijiji vya njia ya Tinde. Tulifikia kwa Mzee Mageni, na ng'ombe mia nne wakakusanywa joshoni. Sasa Mzee Mageni, kwa ukarimu wa kwetu huku, asingeweza kumpa mgeni soda ya moto. Tulipokuwa tunaandikisha ng'ombe, alifungua sanduku letu la barafu, akatoa chupa za chanjo, akazipanga vizuri kabisa juu ya bati, akaweka soda. Mama Hosiana alikunywa mbili, akasifia ubaridi. Halafu akauliza barafu imetoka wapi.

Chupa zilikuwa za moto mkononi, ingawa dawa ilionekana vilevile. Watu walikuwa wameswaga ng'ombe tangu alfajiri, na wameanza kuja juu. Nikamnong'oneza Mama Hosiana tuchome tu, nani atajua. Naandika hili kwa aibu.

Alichukua kopo lake garini, akatikisa hadi mpira ukajifunga, akampa Mzee Mageni atikise kwa nguvu. Ukasambaratika. Akamwomba ahesabu vipande. Vikawa kumi na viwili, hakuna kilichopotea.

"Ndivyo chanjo yako ilivyo sasa, Baba," alimwambia. "Joto limelivunja ganda. Vipande vyote vimo, lakini ng'ombe wako anajifunza kumjua adui kwa kuliona ganda zima. Nikimchoma hii, nitakuwa nimekudanganya."

Watu waliondoka wamenuna, lakini waliondoka wanajua kwa nini. Tulirudi na chanjo nyingine siku ya nne. Mazizi mengi yalinusurika. La Mzee Mageni lilikuwa limeshaingiliwa, na ndama wake watatu walikufa. Mzee alijilaumu mno. Mama Hosiana alikwenda kukaa naye siku nzima, akamwambia kosa ni lake yeye aliyeacha sanduku bila mtu. Tangu hapo sanduku lina kufuli, ufunguo akawa anauvaa shingoni, na soda baridi hajaigusa tena. Tumemtania miaka yote hiyo, naye hucheka, lakini haigusi.

Mzee Mageni ametuma salamu kwamba atakuja kwenye sherehe. Analeta sanduku jipya la barafu, la Mama Hosiana mwenyewe, limejaa soda.

Na Jumanne iliyopita, bila hotuba, Mama Hosiana aliuvua ule ufunguo akanivisha mimi, yuleyule aliyesema nani atajua. Nilishindwa hata kumshukuru.

Basi nashukuru hapa, kwa niaba ya wote. Wabeja sana, Mama Hosiana. Nenda Kahama kwa wajukuu, ng'ombe wako wakunenepee, afya isikupungukie. Na siku ya sherehe kunywa soda baridi, tena mbili. Sanduku nalilinda mimi.