Ufa Nilioupaka Grisi

Wapendwa, habari za mchana. Mchungaji aliponiomba nisimame mbele yenu nilimwomba wiki moja ya kujiandaa. Ilipoisha nikaomba nyingine. Ya tatu akaninyima. Basi nimesimama, na mkiona natazama chini mnivumilie, sijazoea kusema mbele ya watu. Sitataja jina la mtu. Wanaojua wanajua.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti mengi ya huku Nzuguni yamepita mikononi mwangu. Nina mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ambaye aliolewa na mfanyakazi wa ofisi moja ya serikali hapa mjini. Shemeji yangu huyo alikuwa mpole, mtu wa kanisani na nyumbani, ila magari yalikuwa yamemwingia damuni. Alinunua fowili kuukuu, gari lile linalovuta kwa matairi yote manne, rangi imebabuka, viti vimetoka sponji. Jumamosi yeye na wenzake wa ofisini walikuwa wanakwenda kupita njia za porini, kwenye makorongo ya mchanga na vilima vya mawe kuelekea Mtera. Wenzake walikuwa na magari ya maana, vifaa vyao vinaagizwa kutoka nje. Yeye alikuwa na mshahara wa kawaida na shemeji fundi.

Tukaanza kulitengeneza kidogo kidogo. Akitoka kazini anavua shati la ofisi, anavaa ovaroli yangu ya zamani, anakaa juu ya kreti la soda ananipasia spana. Springi tuliziongezea majani, zile bapa za chuma, tuliyoyapata kwenye lori bovu, gari likanyanyuka. Bampa niliitengeneza mwenyewe kwa chuma kizito. Bomba la hewa tulilipandisha mpaka usawa wa paa, ili gari likipita kwenye maji injini isiyanywe. Matairi makubwa alipata ya mtumba. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile. Mimi sikuzaliwa na kaka. Nilimpata ukubwani, kwenye gari lile.

Sasa, gari ukilinyanyua, kile chuma kinachotoka kwenye usukani kwenda kuvuta matairi ya mbele hakifiki tena vizuri. Inatakiwa ununue kirefu, kilichotoka kiwandani kikiwa kizima. Shemeji aliulizia, akaambiwa mpaka kiagizwe. Akaja amenyong'onyea. Nikamwambia, cha nini kuagiza, hiki hiki nitakikata nikiunge kipande katikati.

Fundi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alinikataza jambo hilo nikiwa bado mwanafunzi wake. Alisema chuma cha usukani hakiungwi. Nilijua. Lakini shemeji alinitazama kama mtu anayemtazama daktari, na mimi nilipenda kutazamwa hivyo. Nikaunga. Siku ile umeme ulikuwa mdogo, unapanda na kushuka, moto haukuingia ndani ya chuma inavyopaswa. Nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi, kikapendeza.

Alikwenda nalo porini mara tatu akarudi salama. Akawa ananisifia kwa wenzake. Ya nne ilipokaribia aliniletea gari nilipake grisi. Nikaingia chini. Nikapitisha kitambaa kwenye ile sehemu niliyounga, nikaona mstari mwembamba kama unywele. Nikaukwaruza kwa ukucha. Ulikuwa ufa.

Nililala pale chini ya gari muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Juu nilisikia anaongea kwa simu, anamwambia mwenzake kwamba gari sasa liko tayari kuliko yote. Nikajiambia litavumilia safari moja hii, akirudi nitamwambia tuagize kipya. Nikaupaka grisi ule ufa. Nikatoka, akaniuliza, "Vipi huko chini, shemeji?"

Nikamwambia, "Iko sawa."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa hai.

Walikuwa wanashuka mlima wa mawe. Alikuwa na wenzake wawili. Mmoja alivunjika mkono, mwingine alichubuka tu. Shemeji yangu hakufika hospitali. Yule wa mkono alieleza kwamba walisikia mlio, kisha shemeji akasema usukani hauitiki, kisha gari likaacha njia. Waliokuja kukagua walikiona chuma kimekatika, wakaandika kwamba kilikatika kwa kugonga jiwe, na kwamba dereva alishuka kwa kasi. Mabaki yakavutwa mpaka kwenye karakana yangu, kwa kuwa ndimi niliyekuwa fundi wake.

Nilikifungua kile chuma peke yangu. Mtu wa kazi hii akitazama mahali palipokatika anasoma kila kitu. Nusu ilikuwa inang'aa, imekatika siku ile. Nusu ilikuwa nyekundu kwa kutu. Ilikuwa imeachana siku nyingi. Nikakifunga kwenye kiroba nikakisukuma nyuma ya meza ya kazi.

Kisha nikaenda msibani. Nilibeba jeneza, nilishika koleo, watu wakanipa pole na kunisifu kwamba nimesimama kama mwanamume. Nikapokea.

Ingekuwa imeishia hapo ningesema nilificha kosa la kazi. Lakini maneno yakaanza. Watu wakasema marehemu alipenda sifa, kasi kasi, amemwacha mjane na mtoto kwa ajili ya kushindana na wenye pesa. Mama yake mzazi, huko kijijini, naye akayashika. Kila mgeni aliyefika kwake, mama huyo alimwambia kwamba mwanawe alijiua kwa uzembe. Mdogo wangu aliyasikia hayo akainamisha kichwa. Na mimi niliyasikia, nikiwa nimekaa palepale kwenye mkeka, nikanyamaza. Nilimwacha marehemu abebe mzigo wangu kaburini.

Kazi ikanishinda. Nikishika mashine ya kuchomelea naona ule mstari. Nikafunga karakana, nikamdanganya mke wangu kwamba macho yameungua kwa moto wa kazi. Kanisani nikawa nakaa kiti cha mwisho, natoka kabla ya meza ya Bwana. Mwaka mzima.

Jumapili moja nilikwenda kumwona mdogo wangu pale kwake Ipagala. Tulikula ugali na mlenda. Binti yake, ana miaka tisa, akaniuliza kama baba yake alikuwa mzembe. Aliuliza taratibu tu, kama anayeuliza maana ya neno. Mama yake akamtuma kwa jirani. Mtoto alipotoka, mdogo wangu akasema, "Bibi yake wa kijijini ndiye anayemwambia. Mimi sijui nimjibu nini. Kaka, wewe gari lile unalijua. Alikuwa mzembe?"

Nikasema, "Hapana."

"Basi ilikuwa nini?"

Nilimwomba anisubiri. Nikaenda kwenye karakana, nikarudi na kiroba. Nikamwonyesha pale pekundu na pale panapong'aa, nikamweleza maana yake, kama nilivyowaeleza ninyi.

Akaniuliza, "Uliuona?"

"Niliuona. Siku ya grisi. Nikamwambia iko sawa."

"Kwa nini?"

Nikasema, "Niliona aibu."

Hakulia. Aliinuka akakusanya vyombo, akavipeleka uani. Aliporudi alisema niende nyumbani, na nisikanyage pale mpaka atakaponiita. Alibaki na kile chuma.

Kesho yake nilimwendea mzee mmoja wa kanisa hili, yuko hapa leo. Nilidhani ataniambia tuombe. Tuliomba, kisha akavaa viatu tukaenda polisi. Huko nilieleza yote. Baada ya muda mrefu hakimu alinipa kifungo cha nje, nikawa nafagia na kufyeka majani kwenye zahanati. Sikuona uchungu wa ufagio.

Uchungu ulikuwa kijijini, nilikokwenda wiki ileile niliyotoka polisi. Nilimpigia magoti mama wa marehemu, nikamwambia shikamoo, nikamweleza. Kiswahili si lugha yake ya kwanza, nikarudia mara mbili ili asije akadhani amesikia vibaya. Aliinuka akawafungia kuku, akarudi akaketi. Kisha akasema, "Mwaka mzima nimemsema vibaya mwanangu, na yeye hawezi kunijibu."

Hakunifukuza wala kunilaani. Alichotaka ni kwamba nirudi siku ukoo ukikutana, nisimame mbele ya kaburi niseme kwa sauti. Nilifanya hivyo. Baadhi walinigeuzia mgongo, na sikuwalaumu. Mama yule alikuwa amesimama upande wa kichwani, na nilipomaliza aliongea na kaburi kwa Kigogo. Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba alikuwa anaomba radhi.

Miezi saba ilipita, mdogo wangu akanipigia simu. Alikuwa amepata mnunuzi wa yale mabaki, hakutaka kwenda peke yake kuyakabidhi. Tukaenda. Njiani, bila kunitazama, akasema, "Sijui kama nimekusamehe. Lakini sasa nikikuuliza kitu, najua utaniambia." Hapo ndipo tulipofika mimi na yeye, mpaka leo.

Nimerudi kazini, kwenye karakana ya mtu mwingine. Mteja akiniletea chuma cha usukani au breki nimwungie, nakataa. Akiniita mwoga, namwambia ndiyo.

Namshukuru mzee aliyevaa viatu badala ya kunifariji tu. Namshukuru mke wangu, aliyejua nimemdanganya mwaka mzima na bado akanipikia. Namshukuru mama wa kule kijijini. Namshukuru mdogo wangu kwa kutoniambia uongo kwamba yameisha.

Nilichojifunza si kikubwa. Ukiuona ufa, sema saa ileile, ukiwa bado chini ya gari, kabla hujafuta mikono. Ukichelewa, utakuja kuusema kwa mjane.

Na kama kuna mtu hapa ana jambo kama langu, tukitoka nitakuwa pale nje kwenye benchi. Huna haja ya kunieleza ni nini. Niambie tu ni kwa nani unatakiwa uende, nitakusindikiza mpaka mlangoni.