Mvusheni Anakoelekea

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mtendaji wa Kijiji, madereva mlioegesha malori mkaja, vijana wetu mnaojitolea kuvusha kobe wa maji, na wewe Mama Dorah uliyekaa pale mbele: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi. Mimi ni Mama Noela. Shule niliishia darasa la tatu, nikikosea maneno mnivumilie.

Leo vijana wanapewa vizibao vya kung'aa kwa ajili ya mvua zinazokuja, na wazazi wamenituma niseme. Nitasema ninachokiogopa.

Mvua zilizopita tulisimama hapa barabarani tangu asubuhi. Kobe wanatoka lamboni, wanapanda lami, malori ya mawe ya dhahabu yanawaponda kama karanga. Dereva mmoja akachungulia dirishani, "Mama, huyo kobe ana leseni?" Tukacheka. Tukawaokota, tukawarudisha lamboni, maana nani kati yetu hakudhani kwao ni majini tu?

Kuna mmoja, gamba limemeguka pembeni, nilimrudisha mara mbili. Mara ya tatu Dorah akambeba, akavuka naye, zikabaki hatua mbili afike ng'ambo. "Mama Noela, ni yule yule mkorofi!" Nikamwita, "Mrudishe, mwanangu!" Akageuka. Lori lilikuwa limeshafika. Kesho yake tukamzika.

Mama Dorah, mbele ya watu wote hawa: ni mimi niliyemgeuza. Baadaye bwana wanyamapori akatueleza kwamba kobe yule alikuwa anakwenda kutaga kwenye mchanga, kule shambani kwa Mzee Luka, na hata angerudishwa mara kumi angekuja tena. Wewe msiba ni wako, lakini niliposhindwa kula ulikuja kunipikia uji, wala hujanitupia neno. Moyo kama huo unatoka wapi?

Basi vijana, kobe mvusheni anakoelekea. Msiingie barabarani gari halijasimama. Na mkishaingia, hata mimi nikiwaita, msigeuke.

Mheshimiwa Diwani, matuta ya barabarani uliyotuahidi msibani hatujayaona, na mawingu yale pale. Jana nilimkataza Noela asije. Akaniuliza, "Sasa mama, wale wapya nani atawaonyesha?" Nikamruhusu aje. Kwa hiyo kizibao kimoja nipeni mimi. Madereva, wanangu, mkiona mwanamke mnene ameshika kitambaa chekundu, kanyageni breki: nyuma yangu kuna watoto wa watu, na wangu mmoja.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka hapa.