Zaburi Aliyoipima kwa Pumzi Yake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Besi hata mkasahau jina lake la ubatizo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa tatu na wa kiume pekee, katika nyumba ileile ya nyuma ya soko ambamo mama yake anaishi mpaka leo, akasoma shule ya msingi ya jirani, kisha akaingia chuo cha ufundi, alikohitimu useremala mwaka 1990.

Chuoni ndipo alipoitungia tuni Zaburi ya mia na hamsini kwa mara ya kwanza, tuni ya mbio, tarumbeta, zeze na matoazi vyote vikigombea mlango mmoja, hata mama yake akamuuliza wimbo huo unakimbizwa na nani. Mwaka 1994 alifungua karakana yake, mchana akitengeneza vitanda na madirisha, jioni akifundisha kwaya, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na mwimbaji wa sauti ya kwanza wa kwaya hiyo, akaitungia zaburi hiyohiyo tuni ya pili, ambayo mstari wake wa mwisho, ule wa kila mwenye pumzi na amsifu Bwana, ulipaswa kuvutwa bila kupumua, na bibi harusi aliufikisha mwisho bila hata kuinua kidevu. Walijaliwa mabinti wawili, mmoja sauti ya pili, mwingine, kwa maneno ya baba yake, sauti ya kuitia watu chakula.

Mwaka 2019 alianza kukohoa, madaktari wakasema mapafu yamekakamaa, na miaka miwili baadaye karakana ikafungwa. Akiwa ameegemea mito kitandani alitunga tuni ya tatu, maneno mawili, kimya, maneno matatu, kimya, wanakwaya wakanung'unika kwamba inaimbika kama mtu anayepanda ngazi na gunia, naye akawajibu kwamba ameipima kwa pumzi aliyo nayo. Alimwomba mama yake iimbwe siku ya kumzika.

"Sifa za nini," mama alimwambia, "na mimi ndiye ninayebaki?"

Alicheka mpaka akakohoa, mama akamshikia kikombe, na jambo hilo halikuzungumzwa tena. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 mwezi huu, mama akiwa ametoka kwenda kujaza chupa ya chai. Jana mkewe alipouliza habari ya wimbo, mama hakusema ndiyo, alisema kwaya waje na viti vyao, vya hapa havitatosha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuosha vyombo, na mafundi wenzake waliolitengeneza jeneza hili.

Kwaya itaimba sasa. Watakaponyamaza katikati, tafadhali mtu asiwasaidie, hawajasahau maneno, hapo ndipo alipokuwa akivuta pumzi.

Pumzika kwa amani, Besi, hakuna anayekukimbiza.